Kompyuta ndogo ya gemu na kuediti: dakika 10 za kwanza inakimbia, baada ya nusu saa inachoka. Naipimaje?

mpiga_renda:

Wakuu, habari za jioni. Mashine nimeiunga mwenyewe, kazi yake ni gemu na kuediti video. Imebeba hivi:

Prosesa Ryzen 7 7700, kipoza kifupi cha mm 47. Maderboardi ya B650, Mini-ITX. RAM DDR5-6000, GB 32 (16 mbili). Kadi ya picha RTX 4070 ya GB 12. SSD mbili za NVMe: ya TB 1 yenye Windows iko mbele ya bodi, ya TB 2 ya kazi iko mgongoni mwa bodi. Pawasaplai SFX ya wati 750. Kasha la lita 11, bodi upande huu, kadi upande ule, zimeunganishwa kwa kebo ya raiza (inayorefusha tundu la kadi). Juu kuna feni mbili za mm 120, zinaingiza hewa.

Cinebench R23 (kipimo cha prosesa) inanipa 19,100. Time Spy, alama za kadi 17,700. Nikilinganisha na za wengine niko palepale. Ila gemu ikifika nusu saa, fremu zinashuka kutoka 110 hadi 85 hivi na picha inaanza kukwamakwama. Resolve Studio (programu ya kuediti) vilevile: kutoa video ya 4K ya dakika 20 inaanza na fremu 70 kwa sekunde, inamaliza na 48. Chumba kina nyuzi 31, hakuna AC, feni ya dari tu.

Nipime vipi nijue kinachochoka ni prosesa, kadi, SSD au umeme?

waya_mwekundu:

Mkuu, vipimo vyote viwili ulivyotumia vinaisha kabla mashine haijapata moto. Mzunguko mmoja wa R23 kwenye 7700 haufiki dakika moja. Kasha la lita 11 linataka dakika 15 hadi 20 ndipo joto la ndani litulie. Ulichopima ni hitisinki ya baridi.

Anzia BIOS. Rudisha mipangilio ya kiwandani, washa EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM), basi, usiguse kingine. Kisha angalia PBO (inayoiruhusu prosesa ipite kikomo chake cha wati) imekaaje. 7700 ni ya TDP wati 65, na kwenye AM5 (soketi ya prosesa hii) kikomo cha PPT (wati inazoruhusiwa kula) ni TDP mara 1.35, yaani wati 88. Ukiiona inakula 120 ujue PBO imewashwa mahali, na kipoza cha mm 47 hakiwezi mzigo huo kwenye chumba cha nyuzi 31. Izime kwanza.

Halafu RAM. Memtest86+ kwenye flashi, mizunguko minne, iache usiku. Kosa moja tu likitokea usiendelee na kipimo kingine chochote. Lakini Memtest ina upofu wake: inapofanya kazi kadi imelala, kwa hiyo RAM inapimwa ikiwa baridi. DDR5 inaweza kupita safi pale, ikaja kuleta makosa kadi ikishaijaza kasha joto. Kwa hiyo baadaye rudia na TestMem5 ndani ya Windows, kadi ikiwa na mzigo. Vijiti vya DDR5 vina kipimajoto chake, HWiNFO64 inakisoma.

Sasa kazi yenyewe. Weka kipimajoto cha chumba mita moja hivi kutoka kwenye kasha, usikiweke inapotokea hewa ya moto. Fungua HWiNFO64, washa kurekodi kwenye faili la CSV. Safu za kutazama: CPU PPT, joto la prosesa, Effective Clock (hiyo ndiyo kasi ya kweli, ile Core Clock inadanganya kidogo), Thermal Throttling (prosesa kujipunguza kwa joto), GPU Temperature, GPU Hot Spot (sehemu ya kadi yenye joto kuliko zote), wati za kadi, joto la kila SSD, na WHEA (makosa ya maunzi ambayo Windows inayarekodi) mwishoni kabisa.

1. Dakika 10 bila kazi yoyote.
2. Prosesa peke yake: R23, kwenye Minimum Test Duration chagua dakika 30.
3. Kadi peke yake, dakika 30. Kama huna 3DMark ya kulipia yenye kipimo cha mizunguko 20, simamisha gemu nzito sehemu moja yenye vitu vingi, uondoe V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya monita) na kikomo cha fremu.
4. Vyote viwili pamoja: OCCT, kipimo cha Power, dakika 30.
5. Rudia namba 4 ukiwa umetoa paneli zote mbili za ubavuni.

Kati ya kimoja na kingine subiri joto lirudi kama la namba 1. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu, wanaunganisha vipimo halafu wanashangaa namba hazilingani.

Na usichukue nyuzi za kwenye YouTube ukaziweka kando ya zako. Toa joto la chumba kwanza. Kadi ya nyuzi 76 kwenye chumba cha 31 imepanda 45. Kwa jamaa mwenye chumba cha 21 hiyohiyo ingesoma 66 hivi, na angeisifia.

meza_ya_kuediti:

Nakubaliana na waya_mwekundu, ila naongeza mawili matatu.

Fremu za wastani hazitakuambia lolote kuhusu kukwama. Chukua CapFrameX, rekodi sekunde 60 kwenye njia ileile ya gemu, mara tatu, uitupe ya kwanza kwa sababu shada (programu ndogo za kuchora picha) bado zinajengwa. Soma 1% low (kasi ya zile fremu 1% zilizo za polepole zaidi). Ukiwa na Cyberpunk 2077, ina kipimo chake cha ndani, kinapita njia moja kila mara. Uzalishaji wa fremu wa DLSS (kadi kubuni fremu za katikati) uzime, unaficha ugonjwa.

FurMark sitaki hata kuisikia kwenye kipimo cha namna hii. Inaigonga kadi kikomo cha wati ndani ya sekunde chache, kasi inashuka mno, na hakuna gemu inayofanana nayo. Itumie ukitaka kujua kama pawasaplai inazima, si zaidi.

Upande wa kuediti nina swali: kamera yako inarekodi nini? Kama ni H.265 ya biti 10, 4:2:2 (namna ya kuhifadhi rangi), basi RTX 4070 haiwezi kuifungua kwa maunzi. Mfululizo wa RTX 50 ndio ulioanza kuiweza kwa upande wa NVIDIA; Intel wanayo kwenye Quick Sync tangu kizazi cha 11. Grafiki iliyo ndani ya 7700 nayo haiiwezi. Maana yake prosesa inafungua kila fremu kwa nguvu zake, huku kadi inapaka rangi na kufunga upya. Yaani kutoa video kwako ni kile kipimo namba 4, bila OCCT.

SSD: CrystalDiskMark kwa mpangilio wake wa kawaida inaandika GB 1, ambayo inaishia kwenye kache ya SLC (sehemu ya haraka ya SSD). Haipimi kitu. Nakili folda ya video ya GB 200 kutoka SSD moja kwenda nyingine, ufanye mara mbili: mashine ikiwa baridi, kisha mara tu baada ya kipimo namba 4. Kasi ikianguka baada ya GB zilezile mara zote mbili, hiyo ni kache imejaa na ni kawaida. Ikianguka mapema zaidi ikiwa moto, hilo ni joto.

mzee_wa_volti:

Kijana, hiyo mashine imechomekwa wapi? Wati 88 za prosesa, 200 za kadi, na 50 hivi za bodi, RAM, SSD na feni: hapo ni kama 340 kabla ya hasara ya pawasaplai. Ukutani andaa 370 hadi 390, na monita bado. UPS ya VA 650 kwa kawaida inatoa wati 360 au 390, iko ukingoni. Umeme ukikatika katikati ya kutoa video itapiga kelele na kuzima palepale, na wewe utasema ni kadi. Wakati wa kupima chomeka moja kwa moja ukutani kupitia kizuia mawimbi. Baadaye tafuta ya VA 1200 na kuendelea, ya pure sine, kwa sababu pawasaplai za siku hizi zenye active PFC nyingine hazielewani na mawimbi ya mraba.

Jingine, hiyo raiza. Fungua Event Viewer, tafuta WHEA-Logger namba 17. Zikiwapo nyingi, njia ya PCIe (inayounganisha kadi na bodi) inarekebisha makosa muda wote, na kukwama kunaweza kutoka hapo. Kagua na GPU-Z pia, lakini bonyeza kile kialama cha swali uipe kadi kazi kwanza. Ikiwa imelala itakusomea x16 1.1 (kasi ya chini ya PCIe), uanze kutafuta mchawi.

mpiga_renda:

Asanteni sana wakuu. Nimechukua siku mbili. Chumba 31 muda wote, nimechomeka ukutani, EXPO imewashwa, PBO imezimwa. Memtest na TestMem5 safi.

Prosesa peke yake: wati 88, nyuzi 91, haikujipunguza.
Kadi peke yake: wati 200, nyuzi 77, Hot Spot 91.
Pamoja: dakika ya 12 prosesa imegonga 95, wati zikashuka polepole hadi 66. Kadi 83 na kasi yake inashuka. SSD ya mgongoni 86.
Pamoja bila paneli: prosesa 87 na wati 88 zote, kadi 76.

Kunakili GB 200: ikiwa baridi inaanguka baada ya GB 170, ikiwa moto baada ya GB 60. WHEA namba 17 zipo 14 ndani ya nusu saa. Na ndiyo, kamera ni 4:2:2 ya biti 10.

waya_mwekundu:

Safi, sasa tunaongea kwa ushahidi. Ukitoa paneli prosesa inashuka nyuzi 8 na kupata wati zake zote. Kipoza si kibovu na pesti haina tatizo. Kinachokosekana ni hewa.

Geuza zile feni za juu zitoe hewa nje. Kwenye kasha la mpangilio huu kadi na kipoza vyote vinavuta hewa ya baridi kutoka ubavuni. Feni za juu zikisukuma kwenda chini zinairudisha ndani ile ya moto inayotaka kutoka. Pili, pima nafasi kati ya feni ya kipoza na paneli. Ikizidi mm 5, kata sponji mzunguko wa feni, iguse paneli, ili ivute ya nje tu isizungushe iliyokwisha kuchemka. Vitu viwili hivyo havigharimu hata elfu tano. Pima tena kabla hujagusa programu.

Baada ya hapo kadi: MSI Afterburner, kikomo cha nguvu 80%, yaani wati 160. Fremu zinazopotea ni chache kuliko unavyodhani, na wati 40 za joto zimetoka kwenye kasha. Ukiwa mvumilivu, punguza volti badala yake: MHz 2,550 kwa volti 0.95 ni pa kuanzia, kila kadi na bahati yake.

Prosesa: Curve Optimizer (inayopunguza volti za prosesa) hasi 15 kwa kori zote. Hapa usiiamini Cinebench kukuthibitishia. Curve Optimizer ikizidi haianguki kwenye mzigo mzito, inaanguka ukiwa unasoma barua pepe, kori moja inapopanda kasi ya juu. Tumia CoreCycler, inapima kori moja moja, iache usiku.

SSD zibadilishe nafasi. Ya Windows haiandiki GB 200 kwa mpigo, iende mgongoni. Ya kazi ije mbele chini ya hitisinki. Na hiyo ya mgongoni iwekee pedi ya joto ifike kwenye bati la kasha.

mzee_wa_volti:

WHEA 14 kwa nusu saa ni nyingi. Chomoa raiza, ichomeke upya pande zote mbili mpaka isikike, hakikisha haikukunjwa kona kali. Zikiendelea, weka PCIe ya kadi iwe Gen 3 kwenye BIOS. Zikiisha, kebo ndiyo yenye tatizo. Kwa 4070 Gen 3 x16 hutaona tofauti kwa macho, ila kebo mpya bado nunua.

mpiga_renda:

Matokeo, chumba 31 tena. Feni zimegeuzwa, sponji imewekwa, kadi wati 160, Curve hasi 15, SSD zimebadilishana, raiza imechomekwa upya.

Kipimo cha pamoja, dakika 30, paneli zimefungwa: prosesa 86 na wati 88 mwanzo hadi mwisho, kadi 71, SSD ya kazi 68. Gemu dakika ya 45: wastani fremu 105, 1% low 82. Kutoa video: imeanza 69, imemaliza 67. WHEA sifuri. CoreCycler imeangusha kori namba 3 usiku wa kwanza, nimeirudisha hiyo pekee hasi 8, imetulia.

Kilichobaki ni kelele: feni ya kipoza inapanda na kushuka kama mtu anayekoroma.

meza_ya_kuediti:

Inafuata miruko ya sekunde moja ya joto la prosesa. Kwenye BIOS tafuta muda wa feni kupanda na kushuka, weka sekunde 4 au 5, na mstari wa kasi ya feni ulale kati ya nyuzi 55 na 75. Feni za juu zifuate joto la kadi kupitia programu ya FanControl.

Na video zako za 4:2:2, tengeneza proksi (nakala nyepesi za kukatia) za DNxHR LB usiku kabla ya kuanza kukata. Hata prosesa ikiwa baridi, kukwama kwenye taimlaini hakutaondoka kwa feni.