Lee-Enfield No. 4 ya 1943: ninunue?

Mjukuu wa Keya: Wakuu, habari zenu. Niko Minnesota. Marehemu babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma mwaka 1944 na bunduki ya .303. Sasa nimeona Lee-Enfield No. 4 dukani, imegongwa muhuri wa Long Branch, kiwanda cha Kanada, 1943. Nataka kuitunza, na mara mojamoja niende nayo kwenye uwanja wa shabaha. Kitako kina mkwaruzo mrefu, na namba ya bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hailingani na ya mwilini. Nisaidieni.

Fundi Mstaafu: Mwanangu, kwenye namba hapo usipite haraka. Bolti za No. 4 zilipimwa kila moja na bunduki yake; vichwa vyake vina saizi 0 hadi 3. Ukiweka ya kuokoteza, risasi inabaki na nafasi nyuma yake na ganda hupasuka. Ganda langu la tatu lilitoka na ufa karibu na mwisho wake wa nyuma, moshi ukanipiga usoni. Fundi apime nafasi hiyo kwa geji kabla hujafyatua hata moja. Mulika ndani ya mtutu pia.

Mama Shabaha: Msasa usiguse huo mti, nakuomba! Paka mafuta ya kitani tu. Na ukipiga risasi za zamani za jeshi, siku hiyohiyo mimina maji ya moto mtutuni, kausha, tia mafuta. Chumvi ya risasi hizo hula chuma.

Mjukuu wa Keya: Shikamooni. Jumamosi naenda na fundi. Mkwaruzo nitauacha.