Tupeane uzoefu: uliyepiga chombo miaka mingi kwa sikio, nadharia ya muziki uliianzaje ukubwani?

BesiPasua: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 41, napiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Moshi tangu 2009, yote kwa sikio. Nisikilizishe wimbo mara mbili, naushika. Sasa tumepata mwalimu mpya wa kwaya, kijana, kaja na karatasi za mistari mitano. Alhamisi akasema "tuanzie baa ya 17", yaani kile kipande cha 17 cha wimbo kwenye karatasi. Wenzangu wakaangalia karatasi, mimi nikaangalia mguu wa mpiga dramu. Usiku watoto wakilala nakaa na daftari: uzi mtupu wa E uko kwenye kijistari cha nyongeza chini, A nafasi ya kwanza, D mstari wa kati, G nafasi ya juu kabisa. Nimeganda hapo wiki ya tatu. Mlianzia wapi? Asinitume mtu YouTube, huko nimeshazama.

KinandaSakina: Pole mkuu. Mimi miaka tisa nilipiga kila wimbo kwenye ufunguo wa C, kazi nyingine nikakiachia kitufe cha transipozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Siku moja tuko msibani, kinanda cha kuazima, kitufe kimekufa. Wimbo ni wa E flati. Nikawashusha mpaka C, toni moja na nusu. Besi wakabaki wananguruma kama lori linapanda mlima. Kesho yake nikaanza: wiki hii F, ijayo B flati, inayofuata E flati. Kila hatua inaongeza flati moja. Transipozi nimeifunika kwa plasta.

MamaAlto: Jamani, mliolelewa kwenye kwaya nadharia mmeikalia hamjui. Sol-fa (doh, re, mi, fa, so, la, te) si mnaimba? Kodi, yaani noti tatu zinazopigwa pamoja (si ile ya TRA): ya kwanza ni d m s, ya nne f l d, ya tano s t r. Karatasi ikisema Doh ni F, basi ya kwanza ni F A C, ya nne B flati D F, ya tano C E G. Mimi nilianza gitaa nikiwa na miaka 46, nikapita njia hiyo hiyo. Mistari mitano ilikuja baadaye, na haikunitisha.

TarumbetaMachame: Kwetu matarumbeta ya kanisani yana asili ya Kijerumani, tukafundishwa kusoma kwa namna yao: usipobonyeza kitu inatoka B flati, na kwenye karatasi imeandikwa B flati. Nikaalikwa harusini Arusha na bendi nyingine, nikapewa karatasi ya tarumbeta ya kawaida. Kumbe hiyo sauti wao wanaiandika C! Bibi harusi anaingia, mimi niko toni nzima juu ya wenzangu. Mpiga saksafoni alinitazama, sitasahau. Muulize kwanza mwandishi kaandikia chombo gani.

Mzee_Ngarenaro: Mtaharibu masikio yenu bure.

MamaAlto: Shikamoo mzee. Sikio tunabaki nalo.

BesiPasua: Aisee dada, nimeshika gitaa sasa hivi. Doh ni G, kodi ya tano inakuja D, F shapu, A. Kumbe ile F shapu ninayoigusa miaka yote kabla ya kurudi nyumbani ndiyo te! Swali moja: wimbo ukiwa wa maina (ile ya sauti ya huzuni), doh inahamia wapi?

MamaAlto: Haihami kaka. Nyumbani ndiyo kunahamia la.