Yule dokta wa meno wa pale mjini Mtwara, leo kanivurugia ukoo mzima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sitaji jina, sitaji hospitali. Aliyewahi kuumwa jino Mtwara hii anamjua. Yule yule anayeita wagonjwa utadhani anajaza abiria wa Newala.

Mwanangu ana miaka 6, gego la chini limetoboka, usiku nyumba nzima hailali. Leo nikampeleka. Mzee wangu naye akang'ang'ania kusindikiza, mjukuu wake wa pekee huyo. Mtoto kapanda kwenye kiti mwenyewe, anacheka. ANACHEKA, wakuu! Jamaa hajasalimia, hajauliza jina, anavuta ganzi kwenye sindano mbele ya macho ya mtoto. Sindano ya kuchanjia ng'ombe. Mtoto akabana mdomo. Ndipo jamaa akafoka: "Fungua! Ukilia nayang'oa yote, ubaki kama babu yako!"

Na babu yupo palepale mlangoni, kofia mkononi.

Ubaki kama babu yako! Mzee wangu hana jino hata moja tangu Mkapa yuko Ikulu, na muda ule alikuwa anatabasamu ili kumtia moyo mjukuu. Kaufunga mdomo, hajaufungua mpaka naandika hapa. Chai kakataa. Mtoto naye kalia mpaka meli bandarini zikajibu. Benchi zima la wagonjwa linacheka, mtu shavu limevimba lakini anacheka!

Jino tumerudi nalo mdomoni, halijang'olewa. Huyu mtu alisomea meno au alisomea mipasho? UBAKI KAMA BABU YAKO!

Korosho Ghafi: Pole mkuu, ila nimemwaga chai kwa kucheka. Uzi bila picha ya babu haujakamilika.

Mleta mada: Babu kajifungia chumbani. Msicheke.

Binti Mikindani: Mimi alinitoa nje kabisa, eti "mama toka, wewe ndiye unamtia woga". Nikakaa kwenye benchi namsikia mwanangu anaita mama, na kumbe hata hajaguswa.

Kijana wa Shangani: Si jino la utoto hilo? Liacheni litadondoka lenyewe, mnahangaika nini.

Msaidizi wa Kinywa: Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hivi, tena yanashikilia nafasi ya yale ya ukubwani, halafu mtoto anaumwa leo, hawezi kungoja mpaka lidondoke. Mimi ndiyo kazi yangu, mkoa mwingine. Tulivyofundishwa, mtoto unamwambia kwanza, unamwonyesha, ndipo unafanya. Kioo akishike mwenyewe. Maji na upepo unampulizia kwenye kucha kabla ya mdomoni. Fizi unaipaka ganzi ya jeli, unangoja kidogo, ndipo sindano, na sindano yenyewe haizungushwi mbele ya macho yake. Mnakubaliana akinyoosha mkono unasimama, na kweli unasimama. Vitisho hapana. Ila wazazi nanyi! Nyumbani kutwa "usipokula nakupeleka ukachomwe sindano", halafu mnatuletea mtoto ameshakufa kwa hofu.

Mleta mada: Kwa hiyo kosa langu? Mimi nilimwambia haiumi hata kidogo!

Msaidizi wa Kinywa: Sasa ikiuma, atamwamini nani tena?

Mleta mada: Wewe ni yeye. Nimeshakujua. Umebadilisha jina tu.

Korosho Ghafi: 😂😂 Dokta kaingia uzini!

Mzee wa Jando: Eti jeli. Eti kioo. Sisi Newala tuliingia jando wadogo kuliko huyo, ngariba hakumwonyesha mtu kifaa wala kuuliza anaendeleaje. Unalia, wenzako wanaimba juu zaidi. Kizazi cha pipi hiki.

Binti Mikindani: Shikamoo mzee. Una meno mangapi?

Mzee wa Jando: Marahaba. Manne. Yangu yote.

Kijana wa Shangani: Siku hizi hata jando watu wanapeleka hospitali, mzee. Kwa ganzi.

Mzee wa Jando: Ndiyo maana hamsalimii watu.

Mleta mada: Jamani mada ni yule dokta...

Kangomba Mstaafu: Kwani nani hajatukanwa mjini hapa? Mimi nimekwenda chama cha msingi kuulizia hela yangu ya korosho, karani ananiambia "mzee, wewe ulileta mabibo?" Mbele ya wakwe zangu!

Korosho Ghafi: Hee! Karani gani huyo? Yule mwenye kalamu sikioni?

Kangomba Mstaafu: Huyo huyo.

Binti Mikindani: Huyo ni mjomba wangu, lakini endeleeni.

Korosho Ghafi: Tandahimba nyie mmeshalipwa mnada wa pili?

Kijana wa Shangani: Nasikia Nachingwea hela imeingia jana.

Mzee wa Jando: Muongo. Niko Nachingwea kwa binti yangu, tangu asubuhi tuko foleni benki na hakuna kitu.