Pleya ya Flash imekufa, RTMP bado inatiririka: nahamia vipi HLS?

mlinda_seva:
Wakuu habari, naomba mwongozo. Tovuti ya kituo inatumia pleya ya Flash tangu 2009. Matangazo mubashara yanatoka OBS (programu ya kurushia video) kwenda seva ya RTMP (itifaki ya kutiririsha iliyokuwa ikitumiwa na Flash), poti 1935. Kumbukumbu za vipindi ni faili kama 600 za FLV, yaani video za Flash. Nimetoa ile `<object>` nikaweka `<video src="rtmp://...">`, nikaambulia skrini nyeusi. FLV moja nimeibadilisha jina ikawa .mp4, nayo imegoma. Je, nitupe mfumo mzima? FLV zote lazima zienkodiwe upya (picha na sauti zibanwe upya)? Seva ni ya kore mbili tu, na watazamaji wengi wako kwenye simu, wanahesabu bando.

KodekiKwanza:
Mkuu, upande wa studio usiguse kitu. RTMP imekufa mguu mmoja tu wa safari, ule wa kutoka seva kwenda kwa mtazamaji, maana aliyekuwa akiielewa kule ni Flash Player, kivinjari chenyewe hakijawahi kuijua. Adobe waliacha kuihudumia Flash 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 hiyo Flash Player yenyewe inakataa kufungua maudhui. Kwa hiyo atakayekushauri usakinishe kivinjari cha zamani anakupotezea muda, na anakuachia matundu ya usalama juu yake.

Kivinjari kinataka HTTP ya kawaida. HLS inakata video vipande vya sekunde chache, inaviorodhesha kwenye faili ya .m3u8, na pleya inavivuta kimoja kimoja kama inavyovuta picha. Kama seva yako ni Nginx (programu ya seva ya wavuti) yenye moduli ya RTMP, kazi ni mistari minne ya `hls`:

```
application live {
    live on;
    hls on;
    hls_path /var/hls;
    hls_fragment 4s;
    hls_playlist_length 24s;
    allow publish 127.0.0.1;
    deny publish all;
}
```

Badala ya 127.0.0.1 weka IP ya studio. Ukiiacha wazi, yeyote anayejua anwani atarusha vyake kwenye chaneli yako.

Sasa pa kuangalia sana. Seva haikati kipande popote inapotaka, inasubiri fremu kamili (keyframe), yaani ile isiyotegemea fremu nyingine. OBS ikiachwa na Keyframe Interval ya 0 kwenye x264 (kienkoda chake cha picha), fremu kamili inaweza kuja baada ya fremu 250. Kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10. Umeomba vipande vya sekunde 4, unapata vya 10, halafu unailaumu seva. Nenda Settings, Output, weka sekunde 2.

bi_faili:
Naongezea kuhusu kumbukumbu. FLV ni kasha tu, kubadilisha jina la kasha hakubadilishi kilichomo. Kwanza uliza kila faili ina nini:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name -of csv=p=0 kipindi.flv
```

Ikijibu `h264` na `aac` (mbano wa picha na wa sauti ambao vivinjari vinaujua), una bahati, hakuna kuenkodi. Unahamisha tu kutoka kasha moja kwenda jingine, sekunde chache kwa faili, na ubora haupungui hata chembe:

```
ffmpeg -i kipindi.flv -c copy -movflags +faststart kipindi.mp4
```

Hiyo `+faststart` usiisahau. Inapeleka faharasa ya faili mwanzoni. Ikibaki mwishoni, pleya inalazimika kwenda kuitafuta huko mkiani kabla ya kuanza, na kwenye mtandao mzito mtu anaona kiduara kinazunguka tu.

Ikiwa ni `h264` na `mp3` au `nellymoser`, acha picha kama ilivyo, badilisha sauti peke yake: `-c:v copy -c:a aac -b:a 96k -ar 44100`. Zikija `flv1` au `vp6f`, mibano ya picha ya zama za Flash, hapo hakuna njia ya mkato:

```
ffmpeg -i kipindi.flv -vf "scale=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2" -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k -ar 44100 -movflags +faststart kipindi.mp4
```

Ile `scale` ni kwa sababu x264 kwa yuv420p haikubali upana au urefu wa namba witiri, na faili za zama zile zinazo. Picha ya 320x240 iache hivyo hivyo, ukiikuza hadi 720p unaongeza uzito bila kuongeza kitu cha kuona. Faili za asili zihifadhi pembeni hadi uhakiki zote. Kore mbili zinatosha, endesha usiku kwa `nice -n 19` ili isizibanie kazi nyingine za seva.

Kipanga255:
Upande wa ukurasa, Safari inacheza m3u8 yenyewe. Firefox ya kompyuta haiwezi, hapo unahitaji hls.js, maktaba ya JavaScript inayolisha vipande kupitia API ya kivinjari iitwayo Media Source Extensions (W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi Novemba 2016).

```
if (Hls.isSupported()) {
  const h = new Hls();
  h.loadSource(u);
  h.attachMedia(v);
} else if (v.canPlayType('application/vnd.apple.mpegurl')) {
  v.src = u;
}
```

Tawi la pili ni la iPhone za zamani, zisizo na hiyo API. Usilifute eti kwako inacheza. Kwenye `<video>` weka `controls playsinline`, na kama unataka ianze yenyewe weka `autoplay muted`. Bila `muted`, mara nyingi kivinjari kinaizuia. Ukurasa ukiwa https na m3u8 ikawa http, vipande vitazuiwa, na mtazamaji haambiwi kwa nini. Bonyeza F12 uone. Na kama vipande viko kwenye kikoa kingine, weka `Access-Control-Allow-Origin`.

mlinda_seva:
Asanteni sana wakuu. Picha imekuja kwenye simu na kompyuta. Ila ikifika kama sekunde 20 inaganda. Na leo asubuhi OBS ilikatika, iliporudi baadhi ya watu wakaona kipande cha taarifa ya habari ya jana!

KodekiKwanza:
Yote mawili ni kache, yaani nakala zinazotunzwa njiani. Kuganda: kuna kitu katikati kinatunza m3u8, kwa hiyo pleya inasoma orodha ile ile iliyokwisha. Orodha ipe `Cache-Control: no-cache`, vipande vya .ts ndivyo vitunzwe.

Habari za jana: moduli inavipa vipande namba za mfululizo, na OBS ikiunganisha upya namba hizo zinaweza kuanza tena sifuri. Kache inalo faili la jina hilo hilo la jana, inalitoa. Ongeza `hls_fragment_naming system;` ili jina litokane na saa ya seva, halijirudii.

bi_faili:
Kuhusu bando: picha kilobiti 700 kwa sekunde na sauti 64 ni takriban MB 344 kwa saa. Ukishusha picha hadi 300, ni MB 164. Sauti peke yake ni MB 29. Kore mbili hazitaweza kuenkodi ubora mara tatu mubashara, kwa hiyo rusha wa kati mmoja kutoka OBS, halafu chomoa sauti kwa `-vn -c:a copy`, ambayo haili CPU karibu chochote. Kwa vipindi vya mazungumzo, kitufe cha "sikiliza tu" kitapendwa kuliko HD.

Kipanga255:
Akija mtu kukuuzia DRM (kufuli la kuzuia video isinakiliwe), muulize unalinda nini. EME, kiwango cha W3C cha 2017 cha kuchezesha video zenye DRM kwenye kivinjari, kiko wazi kwa nje tu, ndani kinaita moduli iliyofungwa ya Widevine, PlayReady au FairPlay. EFF, shirika linalotetea haki za kidijitali, walijitoa W3C kwa sababu hiyo. Taarifa ya habari haihitaji hayo.

Na uwaandae watazamaji kwa ucheleweshaji. Pleya huanza kama vipande vitatu nyuma, kwa vya sekunde 4 ni 12 na zaidi, wakati RTMP kwenye Flash ilikuwa sekunde chache. Jirani mwenye dishi atashangilia goli kabla yao. Kama una kipindi cha kupiga simu studioni, mtangazaji amwambie mpigaji azime sauti ya pleya kwanza.