Suruali ya kukimbilia asubuhi za baridi Njombe: nichague ipi kwa shilingi 30,000?

Mkimbia Alfajiri

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaishi Njombe mjini na nina mazoea ya kukimbia siku nne kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Upepo wa kusi unapoanza mwezi wa Juni, ukungu hutanda hadi saa tatu, nyasi za kandokando ya barabara hulowa umande, na kipimajoto nilichokitundika nje ya dirisha husoma kati ya nyuzi 6 na 9. Mwaka jana nilimaliza msimu mzima nikiwa na suruali ya trakisuti ya pamba niliyokuwa nayo tangu chuoni. Kilomita mbili za kwanza ilinipa joto zuri, lakini nilipofika kilomita ya sita ilikuwa imekwisha kunywa jasho na umande, imekuwa nzito, inashuka kiunoni, na ubaridi wa kitambaa kilicholowa ulinitesa kuliko ubaridi wa hewa yenyewe. Mara mbili nilirudi nyumbani nimechubuka mapajani.

Msimu huu nimetenga shilingi 30,000. Dukani nimeonyeshwa suruali mpya yenye nembo ya kampuni kubwa kwa bei hiyo hiyo, ila herufi za nembo zimepinda kiasi cha kunitia shaka. Je, ninunue taiti ya kubana au suruali pana yenye manyoya kwa ndani? Je, ninunue mpya au niende kwenye mitumba?

Muuza Belo Makambako

Ndugu yangu, fedha hiyo irudishe mfukoni na usubiri siku ya mnada. Suruali mpya ya bei hiyo yenye nembo ya kutiliwa shaka haikuhakikishii chochote, wakati kwenye mitumba unaweza kupata suruali ya michezo iliyoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi, ikavaliwa mara chache, kwa chini ya shilingi 10,000. Neno la siri ni kuwahi belo linapofunguliwa, kwa sababu nguo nzuri za michezo huondoka katika nusu saa ya kwanza, na vijana wa mazoezi ya viungo wanalijua hilo kuliko wewe.

Usitazame nembo kwanza, tazama kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonewa ndani ya kiuno au ubavuni. Nguo zinazouzwa Ulaya na Marekani hulazimika kisheria kutaja nyuzi zilizotumika na asilimia zake. Tatizo ni lugha. Pamba huandikwa "cotton", lakini Wajerumani huandika "Baumwolle", Wafaransa "coton", Waitaliano "cotone" na Wahispania "algodón". Ukiona mojawapo ya maneno hayo limetangulia likiwa na asilimia 60 au 80, irudishe suruali hiyo kwenye rundo hata kama ni laini namna gani, kwa kuwa ni ile ile iliyokutesa mwaka jana. Tafuta poliesta au nailoni iliyotangulia, pamoja na elastani kidogo inayoifanya ivutike.

Kwa baridi ya Njombe mimi ningechagua ile yenye manyoya mafupi upande wa ndani. Zipo nyingi na wateja wangu wa Makete hawataki nyingine.

Mwana wa Nyanda, Minneapolis

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia katika habari ya kitambaa, lakini sikubaliani naye kuhusu manyoya. Mimi nimezaliwa Mufindi na sasa ninaishi Minneapolis, ambako mwezi wa Januari hutukuta tukikimbia katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na suruali yangu yenye manyoya huitoa kabatini siku kama hizo tu. Nyuzi 7 juu ya sifuri ni baridi kwa mtu aliyesimama kituoni akisubiri gari. Kwa mtu anayekimbia, misuli ya mapaja ndiyo tanuri lenyewe, na baada ya dakika kumi huwa inatoa joto kuliko unavyohitaji.

Wakimbiaji wa huku wana kanuni moja nyepesi: vaa kana kwamba hewa ina joto zaidi kwa nyuzi 10 kuliko inavyosoma kwenye kipimajoto. Ukitoka mlangoni na kujisikia vizuri kabisa, umevaa kupita kiasi, kwa hiyo unapaswa kusikia baridi kidogo katika dakika za mwanzo. Ukivaa manyoya katika nyuzi 7 utatoka jasho jingi, jasho litakwama ndani, na utakapopunguza mwendo kwenye ule mlima wa mwisho kuelekea nyumbani litakugeuka likawa barafu mwilini. Hapo utakuwa umeihama pamba kwa jina tu.

Kinachomchosha mkimbiaji katika hali yako, kwa maoni yangu, ni unyevu na upepo. Pamba ikiwa kavu kabisa kwa macho tayari imebeba unyevu wa hewa unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Nyuzi zake hazinywi maji, hivyo jasho husambaa juu ya kitambaa na kukauka. Upepo nao hupunguzwa na kitambaa kilichofumwa kwa kubana, hata kikiwa chembamba kama cha mwavuli. Kwa sababu hiyo ningekushauri ununue nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito: taiti ya poliesta au nailoni isiyo na manyoya, na suruali pana nyembamba ya kuzuia upepo ya kuvaa juu yake siku ambazo kusi ni kali. Siku tulivu utavaa taiti peke yake.

Kipimo cha upepo ni rahisi na hakihitaji chombo. Bandika mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita bila kizuizi, upepo wa kusi utapita pia.

Muuza Belo Makambako

Hoja ya jasho nimeikubali, kwa kuwa wateja wangu wa Makete ni waendesha bodaboda na wachunga ng'ombe, si wakimbiaji. Hata hivyo, asiache kabisa ile ya manyoya ikiwa ataiona kwa bei ndogo, maana ataihitaji akishamaliza kukimbia na kusimama.

Fundi wa Cherehani

Naomba niongeze mambo ambayo huonekana mezani kwangu, kwa sababu watu huniletea suruali za mtumba baada ya kununua, wakati ushauri wangu haufai tena.

Kwanza, lebo nyingi huwa zimekatwa. Katika hali hiyo chomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, pale ndani ya mshono palipobaki ukingo, kisha uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Tafadhali usichome uzi wa kushonea, kwa kuwa hata suruali za pamba tupu siku hizi hushonwa kwa uzi wa poliesta na utadanganyika. Muombe mwenye meza ruhusa kwanza, na usichomee juu ya rundo lake.

Pili, tofautisha mpira wa kiunoni na mvutiko wa kitambaa. Mpira wa kiunoni ukilegea, fundi yeyote huubadilisha kwa bei ndogo, kwa hiyo usiiache suruali nzuri kwa sababu hiyo. Bei ya kasoro hiyo huwa ni faida yako. Lakini elastani iliyo ndani ya kitambaa ikifa, hakuna fundi wa kuifufua. Vuta kitambaa penye goti na uachie: kikirudi polepole kama mtu aliyechoka, au ukisikia kinatatarika kwa ndani unapokivuta, kiache.

Tatu, ndugu muuliza swali amesema alichubuka mapajani. Geuza suruali ndani nje na utazame msamba. Taiti iliyoshonwa vizuri ina kipande cha ziada chenye umbo la almasi, hivyo mishono minne haikutani mahali pamoja, na mishono yenyewe imelala bapa. Ukiona mishono minene imepandana pale katikati, ndiyo itakayokukata ngozi kufikia kilomita ya kumi. Mafuta ya mgando husaidia, ila hayawezi kushindana na mshono mbaya.

Dada wa Milimani

Kwa akina dada wanaosoma uzi huu, tahadhari moja. Taiti nyingi za kike kwenye mitumba zilishonwa kwa mazoezi ya ndani, na zikivutika huonyesha kila kitu. Ingiza mkono ndani na uunyooshe kitambaa kwenye mwanga kabla ya kulipa. Mimi huvaa bukta pana juu ya taiti, kwa sababu ya stara ninapopita vijijini, na nimegundua kwamba bukta hiyo huzuia upepo mapajani kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo hata wanaume wanaweza kuiga.

Jambo jingine ni rangi. Saa kumi na moja na nusu bado ni giza na ukungu wa Njombe haumwachii dereva nafasi. Kati ya suruali mbili zinazolingana, chukua yenye mstari unaong'aa taa ikiupiga.

Mkimbia Alfajiri

Nashukuru sana. Jumamosi niliwahi mnadani na nimepata taiti ya poliesta asilimia 88 na elastani 12 kwa shilingi 7,000, lebo yake ya Kijerumani ikiwa bado ipo, pamoja na suruali nyembamba ya kuzuia upepo yenye zipu kwenye vifundo vya miguu kwa shilingi 9,000. Ya pili ilikuwa imelegea kiunoni na fundi wa jirani ameweka mpira mpya kwa shilingi 2,000. Leo alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 7. Nilitetemeka hadi kona ya kwanza, na kufikia kilomita ya tatu nilikuwa nimesahau kama nimevaa nini.

Nina swali moja lililobaki. Msimu huu nguo hazikauki hapa, na mke wangu amezoea kuzianika karibu na jiko la mkaa. Je, na hizi zinafaa kuanikwa hapo?

Fundi wa Cherehani

Hapana, ndugu. Kumbuka kile kishanga cheusi: joto la mkaa huikunja poliesta na kuua elastani kabla hujaona dalili, na pasi ni vivyo hivyo. Ifue kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, usitie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu hubaki kwenye nyuzi na kuzuia jasho kusambaa, kisha iviringishe ndani ya taulo kavu, uikanyage kwa miguu, na uitundike chumbani penye hewa. Ukiifua jioni, alfajiri utaivaa.