Acheni kutuletea jedwali la kupotosha kuhusu Beatles baada ya 1970

Wasee, nimechoka na hili jambo na leo nalisema lote. Kila baada ya muda kuna mtu hapa Nairobi analipandisha lile jedwali la kazi za wale wanne wa Beatles baada ya bendi yao ya Uingereza kuvunjika 1970: nyimbo zilizofika nambari moja, Paul McCartney 9, George Harrison 3, John Lennon 2, Ringo Starr 2, na chini yake ameandika "mjadala umefungwa". Redio inalisoma hewani Jumapili jioni. Baa zenye usiku wa roki kule Westlands zinalifanya swali la chemsha bongo. Vijana ambao ndio wanaanza kuusikiliza muziki huu wanalimeza zima zima, kisha wanarudi hapa kumwambia mtu mzima kwamba George alikuwa mpiga gitaa wa pembeni aliyebahatika.

Nambari zenyewe ni za kweli. Zinatoka chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani na zimehesabiwa sawa. Ubaya ni kwamba zinasomwa kana kwamba wale wanne walipewa muda sawa, chati moja na jina moja kwenye lebo ya santuri.

Tuanze na muda, maana hapa hata mtoto wa shule angeona kosa. Lennon aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Baada ya 1975 hakutoa albamu mpya yoyote hadi Novemba 1980, kwa sababu aliamua kukaa nyumbani amlee mwanawe Sean. Toa hiyo miaka, unabaki na takriban miaka mitano ya kazi. Harrison alifariki Novemba 2001. McCartney alitoa McCartney III Desemba 2020, na bado karibu kila chombo alikipiga mwenyewe. Ni kujumlisha magoli ya Gor Mahia ya miaka hamsini, kisha kuyapanga kando ya timu iliyocheza misimu mitano na kusema Gor ndiyo kali zaidi. Huenda ni kali zaidi, lakini hesabu hiyo haijathibitisha lolote.

Sasa hama chati, uende Uingereza kwao. Lennon ana nyimbo tatu za nambari moja huko kama msanii wa peke yake: "(Just Like) Starting Over", "Imagine" na "Woman". Zote tatu zilifika pale baada ya kifo chake. Hiyo ya kwanza ilikuwa imefika nafasi ya 8 na kuanza kushuka alipopigwa risasi. "Imagine" haikutolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, Uingereza hadi 1975, miaka minne baada ya albamu, na ilifika kileleni Januari 1981 watu wakiomboleza. Kwa hiyo akiwa hai, John Lennon hakuwahi kupata nambari moja Uingereza bila Beatles. Marekani akiwa hai alipata moja tu, "Whatever Gets You Thru the Night" ya 1974, akiwa na Elton John kwenye piano na sauti. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wanne kufika kileleni Marekani. Ringo alikuwa ameshafika mara mbili kabla yake, kwa "Photograph" mwishoni mwa 1973 na "You're Sixteen" Januari 1974.

Haya, mwenye jedwali aniambie: kwa kipimo chake hicho, Ringo ni mkali kuliko Lennon? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Basi kipimo kimevunjika, na mnajua kimevunjika, na bado mnakitumia kumdharau George.

Kuna jambo linalonichoma zaidi, nalo ni jina kwenye lebo. Zichukue zile 9 za McCartney uzipange. "My Love", "Band on the Run", "Listen to What the Man Said", "Silly Love Songs", "With a Little Luck" na ile "Coming Up" iliyorekodiwa jukwaani Glasgow: zote sita ni za Wings, bendi aliyoiunda baada ya Beatles. Zinabaki tatu. "Uncle Albert/Admiral Halsey" ya 1971 lebo yake imeandikwa Paul na Linda McCartney, yaani yeye na mkewe. "Ebony and Ivory" ya 1982 ni yeye na Stevie Wonder. "Say Say Say" ya 1983 ni yeye na Michael Jackson. Hakuna hata moja yenye jina la Paul McCartney peke yake. Zile tatu za Harrison, "My Sweet Lord", "Give Me Love" na "Got My Mind Set on You", zote kwenye lebo zina jina la George Harrison na basi. Mimi sisemi tuzitupe za Wings. Nasema ukiandika "kazi ya peke yake" kwa herufi kubwa juu ya jedwali, ulijue unalolihesabu.

Na wale wa upande wa pili, wapenzi wa George, nanyi msinipigie makofi bado, kwa sababu mna uzembe wenu. Mnapenda kuweka albamu ya George, All Things Must Pass ya Novemba 1970, kando ya albamu ya Paul, McCartney ya Aprili 1970, na kucheka. Santuri tatu, nyimbo 23, dhidi ya albamu ambayo kwa sehemu kubwa ilirekodiwa nyumbani London kwa mashine ya Studer ya njia nne (yaani inarekodi sauti nne tu kando kando), bila meza ya kuchanganyia sauti. Lakini George alikuja na akiba ya miaka. Ndani ya Beatles kwa kawaida alikuwa anapewa wimbo mmoja au mbili kwa kila santuri. Hata kwenye Abbey Road, "Something" na "Here Comes the Sun" ndizo zake pekee. "Isn't It a Pity" alikuwa nayo tangu 1966. Wimbo wenyewe wa "All Things Must Pass" Beatles waliufanyia mazoezi Januari 1969 wakauacha. "Wah-Wah" aliuandika siku ileile alipotoka studio kwa hasira, tarehe 10 Januari 1969. Paul kwa upande wake alikuwa ameshazitumia nyimbo zake bora ndani ya bendi. Mmoja anafungua ghala, mwingine ndiye amelimaliza juzi. Ulinganisho huo nao hauna haki.

Mnataka pambano la haki? Lipo. Juni 1973, "My Love" ya Paul na Wings iko nambari moja Marekani, na wimbo unaoiondoa pale ni "Give Me Love" ya George. Wote wako hai, nchi moja, chati moja, wiki moja. Mbona hilo halisomwi redioni?

Badala yake tunasomewa kwamba George aliiba wimbo wa watu. Kama utaizungumzia kesi ya "My Sweet Lord", aliyoshtakiwa kwa kunakili "He's So Fine", izungumzie kama mtu aliyeielewa. Ilisikilizwa New York, na jaji Richard Owen, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki, alitoa uamuzi mwaka 1976. Aliuchambua wimbo kwa noti. "He's So Fine" ya The Chiffons, iliyotungwa na Ronnie Mack, ina kipande kifupi cha noti sol-mi-re kinachorudiwa mara nne, kisha kipande cha pili cha sol-la-do-la-do kinachorudiwa mara nne. Wa George una kile cha kwanza mara nne na cha pili mara tatu, na mahali pa mara ya nne pana mpito wa urefu uleule. Ndani ya kipande cha pili kuna hata noti moja ndogo ya kupamba iliyo sawa kwenye nyimbo zote mbili. Hayo ndiyo yaliyomfanya ashindwe kesi. Lakini jaji alisema wazi kwamba haamini George alifanya kusudi. Aliuita unakili uliotoka akilini bila yeye kujua. Mtu asiyeyajua haya asiseme neno "mwizi" hewani.

Halafu Lagos! Hili la Lagos linanitia uchungu hasa, kwa sababu sisi ni Waafrika na hatulisemi. Albamu iliyomrudishia McCartney heshima, Band on the Run ya Desemba 1973, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa kwenye studio ya EMI pale Apapa, Lagos. Kabla ya safari mpiga gitaa Henry McCullough aliacha bendi, na mpiga ngoma Denny Seiwell akaacha mkesha wa kuondoka. Wakaenda watatu: Paul, Linda na Denny Laine, pamoja na fundi sauti Geoff Emerick. Kwa hiyo ngoma mnazozisikia mle ni Paul, na besi ni Paul. Mashine ilikuwa ya njia nane tu, wakati London walishazoea kumi na sita. Paul na Linda wakaibiwa usiku kwa kisu, na kanda za majaribio ya nyimbo zikaenda. Ikabidi nyimbo zijengwe upya kutoka kichwani. Fela Kuti akamshutumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika, na Paul akamwita studio akamsikilizisha kazi ili ajionee. Wimbo mmoja, "Picasso's Last Words", ulirekodiwa kwenye studio ya mpiga ngoma Mwingereza Ginger Baker kule Ikeja. Na kwenye "Bluebird" anayepiga vyombo vya kugonga ni Remi Kabaka, Mnigeria, ingawa sehemu yake iliongezwa London.

Ukiisikiliza ukijua hayo, utaelewa kwa nini ngoma zake ni za moja kwa moja na besi ndiyo inayotembea. Ni mtu mmoja anarekodi njia juu ya njia, na mashine haina nafasi ya kupoteza. Huwezi kuipa alama kwa jedwali.

Kosa la mwisho ni la kiufundi na linaharibu kila mjadala humu. Mnalinganisha matoleo tofauti bila kujua. Ukifungua All Things Must Pass kwenye simu leo, mara nyingi linalokuja mbele ni toleo la 2021 lililochanganywa upya: mwangwi wa prodyuza Phil Spector umepunguzwa na sauti ya George imesogezwa mbele. Imagine nayo ilichanganywa upya 2018. Band on the Run ya 2010 ilisafishwa tu, mpangilio wa sauti ukabaki wa 1973. Kusafisha ni kuchukua kanda iliyokamilika na kurekebisha ukali na uzito wake. Kuchanganya upya ni kurudi kwenye njia zenyewe, moja moja, na kuamua tena nini kisikike. Kwa hiyo kabla hujaandika "sauti ya Lennon ilikuwa imefichwa" au "Spector aliwasha mwangwi kupita kiasi", angalia mwaka kwenye jina la toleo. Jaribio rahisi ni "Wah-Wah": kama tarumbeta, saksofoni na magitaa yamegandana ukuta mmoja, hiyo ni ya 1970, kama unaweza kumfuata kila mmoja kwa sikio, ni ya 2021.

Na wanaonunua santuri za mtumba Kenyatta Market: fungua boksi la All Things Must Pass kabla ya kulipa. Ziwe tatu na bango lake. Ya tatu, Apple Jam, ina lebo yenye picha ya chupa ya jemu, na ndiyo inayopotea zaidi.

—

Besi_Nyuzi4: Mkuu, nakubali mengi, ila hilo la Wings unaligeuza kwa nguvu. Paul ndiye aliyeandika, aliyeimba na aliyeajiri. Mbali na Linda, Laine peke yake ndiye aliyekaa naye tangu 1971 hadi mwisho. Na "Mull of Kintyre" ya 1977 ilikuwa singo ya kwanza kupita nakala milioni 2 Uingereza, wiki tisa nambari moja, lakini jedwali hilo la Marekani halioni kitu pale. Hata yeye anapunjwa.

Kayole_Roki: Mmesahau tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Agosti 1, 1971, Madison Square Garden, maonyesho mawili kwa siku moja, George na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India. Albamu yake ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Pesa za mlangoni zilifika UNICEF, lakini za albamu zilikwama miaka kwa watu wa kodi Marekani, sababu tamasha halikuwa limepangwa kupitia shirika la hisani tangu mwanzo. Hilo linakaa safu gani ya jedwali?

Mwenye uzi: Besi, huo mfano wa Kintyre ndio hoja yangu yenyewe, asante. Laine anastahili kutajwa, hasa kwa sababu aliutunga wimbo huo pamoja na Paul. Kayole, halina safu, na ndiyo maana nalikataa jedwali.

Na Ringo pia hana mtetezi humu. Sentimental Journey ilitoka Machi 1970, kabla ya albamu ya Paul. Kwenye albamu yake ya Ringo ya 1973 wote wanne wamo, ingawa hawako pamoja kwenye wimbo mmoja. Wimbo wa "I'm the Greatest" una John, George na yeye. Na bendi yake ya All-Starr imekuwa ikizunguka tangu 1989.

Kuanzia leo, anayeleta hesabu humu aandike mambo matatu juu yake: chati ni ya nchi gani, imeishia mwaka gani, na Wings imo au haimo. Bila hayo nitaomba wasimamizi waifute.