GTX 1060 6GB au RX 580 8GB kwenye Dell OptiPlex 9020?

kizibo_waya:
Wakuu, salaam. Mashine ni OptiPlex 9020 ile ya kusimama (MT), i5-4590, RAM 16GB, pawasaplai ya kiwandani ya wati 290. Skrini ni 1080p, 60Hz. Kuna kadi mbili za michoro za mtumba, GTX 1060 6GB ya NVIDIA na RX 580 8GB ya AMD, ya pili bei yake iko chini kidogo. Kazi ni GTA V, gemu za mpira, Blender (programu ya michoro ya 3D) na kuhariri video. Kwenye makaratasi 580 ina viini (core) 2304, 1060 ina 1280 tu, mbona watu wanasema zinakaribiana? Na hii pawasaplai itabeba?

soketi1150:
Mkuu, viini vya NVIDIA na vya AMD havihesabiwi kwa kipimo kimoja. Kwa hesabu tupu 580 iko mbele kweli, teraflopu (trilioni za hesabu kwa sekunde) 6.2 kwa 4.4, na memori yake inapitisha 256 GB kwa sekunde (basi, yaani njia ya data, ya biti 256) wakati 1060 ni 192 GB (biti 192). Ila 1060 inakimbia kwa 1708 MHz rasmi, na ikiwa na ubaridi hupanda juu ya 1800, 580 ni 1340 MHz. Tena inaibana vizuri data ya rangi kabla ya kuipeleka kwenye memori, kwa hiyo ile basi nyembamba haiiumizi sana.

Kubwa zaidi kwako ni prosesa. i5-4590 ina viini vinne, nyuzi nne, basi. Kwenye gemu za DirectX 11 (mfumo ambao gemu hutumia kuongea na kadi) draiva ya AMD huilemea prosesa kuliko ya NVIDIA, na GTA V toleo la zamani ni DirectX 11. Hapo 1060 italingana na 580 au kuipita kidogo. Ukihamia mifumo mipya, DirectX 12 au Vulkan, 580 inatangulia, na zile GB 8 zinaonekana ukipandisha ubora wa tekscha.

Pawasaplai: hapana, kwa kadi yoyote kati ya hizo. 1060 imepangiwa wati 120 na inataka waya wa pini 6. 580 ni wati 185, pini 8. Yako haina hata mmoja. Na usidanganywe na adapta ya kutoka SATA kwenda pini 6: kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Pini 6 ina haki ya kuvuta wati 75. Plastiki inaanza kulainika, baadaye inanuka, na unayajua yanayofuata.

Nunua pawasaplai ya jina linalojulikana, wati 450 kwa 1060, 500 au zaidi kwa 580. Halafu kumbuka mazabodi ya 9020 haitumii kichwa cha pini 24, inatumia cha Dell cha pini 8. Lazima upate adapta ya pini 24 kwenda 8, la sivyo utarudi nyumbani na pawasaplai mpya usiyoweza kuchomeka.

pesti_kavu:
Kabla ya kubishana ipi kali, hakikisha unachouziwa ndicho hicho. Soko la 580 limejaa vimeo.

Fungua GPU-Z (programu inayosoma taarifa za kadi) hapo hapo dukani. RX 580 halisi inasoma Shaders (vile viini) 2304. Ikisoma 2048 ni ile 2048SP iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, ambayo kimsingi ni RX 570 yenye stika nyingine. 1060 ya 6GB isome 1280. Ya 3GB ni 1152, hivyo tofauti yao si memori peke yake. Ukiona neno FAKE mbele ya jina, rudisha. Na ukiona tundu la VGA mgongoni mwa "1060", usisubiri hata GPU-Z: chipu za kizazi hicho hazitoi VGA, hiyo ni kadi ya zamani iliyovalishwa BIOS (programu iliyo ndani ya kadi yenyewe) ya uongo.

580 nyingi zimetoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali, na BIOS zake zimechakachuliwa ili memori iende haraka. Dalili: draiva inagoma na kosa la Windows la Code 43, au gemu linaanza kutoa vidoa vya rangi baada ya dakika chache. Washa HWiNFO (inasoma vipimo vya kadi), endesha FurMark (inaibebesha kadi mzigo mkubwa) dakika 15, angalia mstari wa GPU Memory Errors. Namba isiyo sifuri maana yake memori au BIOS ina tatizo. Matoleo mengine yana kiswichi kidogo ubavuni cha BIOS ya pili. Zima mashine, kisogeze, jaribu tena. Ila FurMark ifanyie kwenye mashine ya muuzaji, si kwenye hiyo wati 290 yako.

mwanga_hafifu:
Mmesahau Blender, na hapo ndipo jibu lilipo. Toleo la 3.0 (Desemba 2021) liliondoa OpenCL, njia iliyotumika na kadi za AMD, kwenye Cycles (injini ya Blender ya kurenda, yaani kutengeneza picha ya mwisho), na njia mpya ya AMD haifiki kwenye 580. Maana yake Cycles itarenda kwa ile i5, kadi imekaa tu. 1060 inafanya kazi kwa CUDA, njia ya NVIDIA. Hata kutoa video ya H.264, kisimbaji (sehemu ya kubana video) cha 1060 kina picha safi zaidi kwa biti zile zile.

Draiva, zote ni wazee. AMD waliiweka 580 kando mwishoni mwa 2023. NVIDIA wametoa draiva ya mwisho ya gemu kwa 1060 Oktoba 2025, zimebaki za usalama hadi Oktoba 2028. Kwenye Linux 580 ni raha, draiva imo ndani ya kerneli (moyo wa Linux). 1060 inaishia tawi la 580 la draiva za NVIDIA (namba imegongana tu na jina la kadi).

kizibo_waya:
Shukrani wakuu. Umeme je? Luku inakwenda mbio.

soketi1150:
Tofauti ni wati 65. Saa nne kwa siku, siku 30, ni yuniti 7.8. Ukiipata 580 safi kwa bei nzuri, ingia kwenye Tuning ya programu ya AMD, shusha volti za hatua ya juu kwa 25 mV kila mara huku ukijaribu gemu, ikiganda rudi hatua moja. Nyingi hufika karibu 1075 mV bila shida. Kwa Blender lakini, chukua 1060, na pima kwanza urefu kutoka mgongo wa kasha hadi kizimba cha hard disk. Zipo 1060 za feni moja za takribani sm 17, hizo zinaingia bila kung'oa kitu.